Chivas na Atlas: barua kwa mwanangu

Mwanangu,

Marahaba. Umeniuliza: ikiwa Chivas ina ubingwa wa soka wa Meksiko mara 12 na Atlas, klabu nyingine ya mji huo huo wa Guadalajara, mara 3, utani wao wa jadi una maana gani? Mwaka 1951 pale Guadalajara ungeuliza kinyume chake.

Chivas ilianza 1906, Mbelgiji Edgar Everaert akiwa miongoni mwa waasisi. Miaka kumi baadaye vijana wa familia zenye nazo, wengine wametoka kusoma Uingereza, wakaunda Atlas. Basi ikasemwa Atlas ni ya mabwana, Chivas ni ya wavuja jasho. Maneno hayo yamebaki kwenye kutambiana tu, maana walalahoi wanaovaa nyekundu na nyeusi za Atlas wamejaa tele.

Tarehe 22 Aprili 1951 Atlas iliifunga Chivas 1-0, penalti ya Edwin Cubero wa Kosta Rika, ikawa bingwa kwa mara ya kwanza. Bao moja, tena mbele ya mtani! Chivas wakati huo haikuwa na ubingwa hata mmoja. Ilikaribia kila mara ikakosa, mpaka ikabandikwa jina la “Ya Merito”, yaani bado kidogo tu.

Kilichofuata wanakijua vizuri mashabiki wa Chivas, na hawachoki kukisimulia: mabingwa 1957, kisha mara saba zaidi kufikia 1970, kikosi kizima Wameksiko watupu. Atlas nayo ikashuka daraja mara tatu. Na wote wawili walitumia Uwanja wa Jalisco tangu 1960 hadi Chivas ilipohamia kwake mwaka 2010. Hebu fikiria, mtani anashangilia vikombe humo humo unamochezea wewe.

Atlas haikuacha kulea vipaji. Nyota wa Meksiko Rafael Márquez na Andrés Guardado wametoka pale. Márquez alikuwemo 1999, timu ilipofika fainali ikafungwa na Toluca kwa mikwaju ya penalti. Mimi hiyo ndiyo iliyonifanya niwapende.

Desemba 2021 Atlas ikaishinda León kwenye fainali, kwa penalti vilevile, ukame wa miaka 70 ukakatika. Mei 2022 ikatwaa tena. Chivas haikuwa imegusa ubingwa tangu 2017, kwa hiyo mtaani, kwa mara ya kwanza tangu enzi za Cubero, aliyetafuta la kujibu alikuwa Chivas.

Wasalimie wajukuu.

Mama yako