Glovu zinazoongea kwa mtoto asiyesema: usitume hela kwanza

Mkuu, umesema mtoto wa dada yako ana miaka 6, ana mtindio wa ubongo, anasikia na kuelewa vizuri ila hasemi, na umeona video ya glovu zinazotoa sauti ukataka kumwagizia. Subiri kidogo. Binti yangu ana hali hiyohiyo, sasa yuko darasa la nne, nakujibu kwa niliyopitia.

Glovu hazisomi mawazo. Chukua zile za Sign-IO alizobuni Mkenya Roy Allela kwa ajili ya mpwa wake ambaye ni kiziwi: kwenye vidole kuna vihisi vinavyopima vimejikunja kiasi gani, taarifa zinakwenda kwa Bluetooth hadi kwenye programu ya simu, simu ndiyo inatamka. Kwa hiyo anayevaa lazima awe anajua lugha ya alama. Na viziwi wengi wamezilalamikia glovu za aina hii, kwa kuwa lugha yao ina uso na macho pia, si vidole tu. Sasa mtoto ambaye ngumi imemkaza, kumvalisha tu ni vita.

Kwetu anayevaa kifaa ni mimi mama yake. Nilimpa fundi cherehani aproni ya kawaida, akaishonea velkro (utepe wa kubandika na kubandua) sehemu nne: mabegani na nyongani. Hapo nabandika picha zilizolaminishwa steshenari. Picha zenyewe nilipakua bure ARASAAC, hazina ya picha za mawasiliano ya jimbo la Aragon kule Hispania, maneno ya Kiswahili nikayaandika mwenyewe. Mtoto anachagua kwa kuitazama picha anayoitaka. Katikati ya kifua paache patupu. Picha zikibanana hutajua macho yameelekea wapi, ila zikiachana, akitazama bega lako la kulia unaona kabisa.

Kaa usawa wa macho yake, uliza, halafu nyamaza. Kwenye kunyamaza ndipo wengi tunaposhindwa. Wangu kichwa humchukua muda kutulia. Macho yanapita dirishani kwanza, yanarudi, yanagota kwenye picha, kisha ananiangalia usoni, na hapo najua amemaliza kusema. Bibi yake (Mungu amjalie) alikuwa akimjibia kabla macho hayajafika popote.

Halafu usibandike chakula, maji na choo peke yake. Mtoto si mgonjwa wa wodini. Weka "sitaki", "acha", "tena", "njoo". Kwetu "sitaki" ndiyo ilishika mapema kuliko zote, na cha kwanza kukataliwa kilikuwa uji wa ulezi ambao nyumba nzima tuliamini anaupenda.

Vya umeme vije baadaye. Stephen Hawking, mwanasayansi wa Uingereza aliyekuwa amepooza na hawezi kusema, mkono ulipomkatalia, alitumia kihisi kilichowekwa kwenye miwani kusoma msogeo wa misuli ya shavu. Kwa hiyo mchunguze mtoto: kiungo gani kinamtii kila mara, hata jioni akiwa amechoka? Muulize na mtaalamu wake wa mazoezi. Binti yangu anaweza kuinamisha kichwa kushoto, basi swichi ya Bluetooth, yaani kitufe kinachounganishwa na simu bila waya, tunaifunga begani kwa mkanda, akiilalia kwa shavu inabonyea. Simu inapitia picha moja baada ya nyingine, akibonyeza inatamka ile iliyofikiwa. Ni taratibu mno, na siku misuli ikikaza anabonyeza asichotaka, kwa hiyo aproni hatujaitupa. Umeme ukikatika nayo haina habari.

Sauti nilimrekodi binamu yake wa rika moja. Ile ya simu ni ya mtu mzima, wenzake walikuwa wanaicheka.

Anza na picha mbili tu, kitu anachokipenda na "sitaki". Ukishamjua kiungo chake kinachotii niambie, nikuelekeze kuseti simu. Kwenye Android mipangilio ya swichi iko sehemu ya ufikivu (Accessibility), hailipiwi, utakachonunua ni swichi yenyewe.