Nilishangilia imeili ya kukataliwa

Ilikuwa hivi. Tulituma ofa ya kazi kwa mteja mmoja wa mbali, tukakaa tunasubiri, siku ya tatu ikaingia imeili ya mwenzetu aliyekuwa anaongea nao, mstari mmoja tu: "They turned down our offer." Mi nikasoma turn, geuza, down, chini, halafu turn down si ndo ile ya kupunguza sauti ya redio, basi nikajua hawa wanataka tupunguze bei, na mtu anayeomba kupunguziwa ni mtu anayetaka kununua. Nikaandika kwenye grupu "jamani tumepata, tushuke bei kidogo tu". Watu wakarusha emoji za makofi. Kama dakika kumi hivi ndo mmoja akanifuata pembeni taratibu, akaniambia ndugu yangu, wametukataa.

Na Kiingereza nilikuwa nimesoma miaka mingi tu. Postpone naijua, tolerate naijua, extinguish naijua, tena bila kamusi. Ila ukiniletea put off, put up with na put out nilikuwa nakuangalia tu, na kumbe maana ni zile zile: kuahirisha, kuvumilia, kuzima moto. Baadaye ndo nikaelewa hii kitu ilianzia wapi. Wanormani walipoiteka Uingereza mwaka 1066, Kifaransa kikawa lugha ya wakubwa na mahakama, Kilatini kilikuwa cha kanisa na wasomi, na yale maneno marefu tunayoyaona ya kisomi mengi yametokea huko. Watu wa kawaida wakaendelea na put, get na take zao. Sasa sisi darasani tunaingizwa Kiingereza kwa mlango wa ofisini, halafu mtu akituongelesha ya jikoni tunatoa macho.

Kilichonifungua kichwa wala si kitabu cha grama (huko hivi vitenzi vya put off na wenzake wanaviita phrasal verbs, mi naviita vitenzi vyenye mkia, mkia ni kale kaneno ka nyuma, off, up, out), ni mgeni mmoja aliyekuwa anajifunza Kiswahili. Akaniuliza, hivi nyie mbona mnapiga kila kitu? Mnapiga simu, mnapiga pasi, mnapiga mswaki, mnapiga picha, mnapiga chafya, mnapiga magoti, hiyo chafya imewakosea nini? Nikacheka, halafu nikanyamaza. Kwa sababu hakuna aliyewahi kunikalisha na orodha ya piga nikakariri. Piga hodi niliimeza nzima, siku watu walipobisha mlangoni. Na ndo hivyo hivyo put off inavyotakiwa kumezwa, usikae kutafsiri put peke yake na off peke yake halafu ujumlishe, jibu utakalopata ni kama mimi na ile ofa.

Orodha ndo kosa nililopotezea muda zaidi. Niliwahi kuandika za get peke yake kama thelathini, get over, get by, get along, get away with, nakariri usiku, asubuhi zimekuwa uji. Zinafanana mno, kichwa hakina pa kuzishikia. Nikaacha, nikaanza kuzichukua kwa tukio. Asubuhi kwa mfano: wake up ni kuzinduka usingizini, get up ni kutoka kitandani, na wote tunajua kati ya hizo mbili panaweza kupita nusu saa. Put on ni kile kitendo cha kuvaa, ukishavaa ni wear. Siku dawa ya meno imeisha kweli, nimekamua mpaka nimekunja kichupa, nikajisemea kwa sauti "I've run out of toothpaste", na hiyo haijanitoka mpaka leo.

Mikia mingine inasaidia kubahatisha. Up mara nyingi ni mpaka kiishe, eat up, drink up, use up. On ni kuendelea, carry on, keep on. Ila usiziamini sana, maana kuna go off. Alamu ikilia, it goes off. Taa ikizimika, it goes off. Bomu likilipuka ni hiyo hiyo, maziwa yakichacha ni hiyo hiyo. Hapo hakuna kanuni, unashika sentensi tu.

Grama ya kujua ni ndogo. Pick up the phone sawa, pick the phone up sawa, lakini ukiweka it lazima ikae katikati, pick it up, ukisema pick up it unasikika vibaya. Halafu kuna wakaidi kama look after, huyo hapasuliwi, ni look after her siku zote.

Kusikia sasa, hapo ndo pagumu. Pick it up mtu akiongea haraka unasikia "pikitap", unadhani ni neno jipya, unakimbilia kamusi na halimo. Nilichofanya nilikuwa nachukua sekunde kumi za video, nasikiliza bila maandishi, naandika nilichosikia hata kama ni ujinga, ndo nafungua maandishi naangalia. Na sauti kwa kawaida inakazwa kwenye mkia, give UP, si GIVE up. Ukikaza kwenye mkia hata wao wanakuelewa haraka.

Barua rasmi mi bado naweka postpone, sina ugomvi nayo. Ila kwenye lile grupu nikiandika tu "tumepata", lazima kuna mtu atauliza: wamesemaje hasa, tuma imeili yenyewe tuisome.