Jinsi nilivyojua kwamba wakati wa kuliuza Peugeot langu umefika

Ndugu yangu wa Kilifi, umetueleza kwamba Toyota Corolla uliyorithi kwa marehemu baba yako imeanza kukugharimu kuliko inavyokusaidia, kwamba mkeo na ndugu zako wanakuhimiza uiuze, na ukatuuliza sisi tuliowahi kuuza magari tuliyoyapenda: tulijuaje kwamba wakati umefika, na je, tunajuta? Nimelisoma swali lako mara mbili, kwa sababu mimi pia nililipitia hilo hapa Malindi, nami nilikosa mtu wa kuniambia mapema haya nitakayokueleza.

Nililiuza gari langu mwaka 2014, baada ya kukaa nalo kwa miaka 18, na sitakuficha kwamba majuto yapo. Hata hivyo, sijuti kuliuza. Najuta kwamba kwa miaka mingi niliyatafuta maradhi yake mahali yasipokuwapo, na nilipoonyeshwa yalipo, nafasi ya kulinusuru ilikuwa imebaki ndogo mno.

Lilikuwa Peugeot 504, stesheni wagoni, la rangi ya maziwa, lenye namba za zamani zisizo na herufi ya mwisho. Wazee wa pwani watayakumbuka magari hayo, kwani tuliyaita Pijo, na ndiyo yaliyobeba abiria wa safari ndefu kabla ya Nissan kujaa barabarani. Aina hiyo ilizinduliwa Ufaransa mwaka 1968 na kuteuliwa gari bora la Ulaya la mwaka 1969, lakini hapa kwetu ilijipatia heshima katika Safari Rally, pale Ove Andersson aliposhinda nayo mwaka 1975, na Jean-Pierre Nicolas akashinda mwaka 1978 kwa ile ya milango miwili yenye injini ya V6. Langu lilikuwa gari la kazi na la nyumbani: injini ya petroli ya sentimita za ujazo 1,971, gia kwenye usukani, viti vya safu tatu vya kuketi watu saba, na mita 2.90 kati ya gurudumu la mbele na la nyuma. Chini ya buti lilikuwa na springi nne, mbili kila upande, na hizo ndizo zilizoliwezesha kubeba mzigo mzito bila kuinamisha mkia, na bado likapita kwenye shimo pasipo kumrusha abiria.

Nililinunua mwaka 1996 kwa mwalimu mstaafu wa hapa mjini, kwa shilingi 280,000, nusu yake ikiwa ni mkopo. Wakati huo nilikuwa karani katika mashamba ya chumvi ya upande wa Gongoni, kwa hiyo kila siku ya kazi nililivusha daraja la Sabaki, nikapita Mambrui, na kulipaki hadi jioni kando ya mabwawa ambamo maji ya bahari huachwa yakaushwe na jua. Naomba uliweke jambo hilo akilini, maana nitalirudia.

Kuhusu safari zake ningeweza kuandika usiku kucha, lakini nitataja mbili tu. Ya kwanza ni ile ya kwenda Maulidi ya Lamu, tuliyoifanya mara nne. Tulikuwa tukiondoka Malindi alfajiri, tukisindikizwa na askari kuanzia Garsen, tukipita kwenye tope jeusi la Witu ambalo siku hizo lilikuwa halijatiwa lami, na kulifikisha gari Mokowe likiwa limepakwa udongo hadi madirishani, kisha tukaliacha bara na kuvuka kwa boti. Halikuwahi kutulaza njiani.

Ya pili haikuwa safari moja. Mwaka 2003 mama yangu mzazi aliugua mgongo, na kwa muda wa miezi saba nilimpeleka Mombasa kila wiki kwa matibabu, kilomita zipatazo 120 kwenda na nyingine kama hizo kurudi. Tulilaza viti vya katikati na vya nyuma, tukatandika godoro, naye akalala juu yake kichwa kikielekea mbele ili tuweze kuzungumza. Siku moja tulikodi gari jipya la kuchukua wagonjwa kwa sababu langu lilikuwa gereji, na tulipofika Mtwapa aliniomba, huku machozi yakimtoka, nisimpandishe tena gari hilo jipya, nimrudishe kwenye Pijo. Mama alifariki mwaka uliofuata. Ninakueleza haya ili ujue kwamba nikisema nililipenda gari lile, sizungumzii rangi wala mwendo.

Injini haikunisumbua sana. Kitu kilichonipa taabu ni feni ya radieta. Feni ya gari hilo haizunguki wakati wote. Ina sumaku ya umeme inayoikamata pale tu injini inapopata joto, na umeme huifikia sumaku kupitia kipande kidogo cha kaboni kinachosuguana nayo. Kaboni ile ikiisha, feni husimama, nawe hujui mpaka mshale wa joto upande ukiwa katikati ya foleni. Niliunguza gaskiti ya silinda hedi mara mbili kabla fundi mmoja hajanifunulia siri hiyo, na tangu hapo nikawa naweka kaboni ya akiba ndani ya dashibodi pamoja na plagi. Nilikuwa mwepesi wa kuihudumia injini: oili kwa wakati, maji safi kwenye radieta, kabureta kufunguliwa na kusafishwa kila mwaka. Nilidhani hiyo ndiyo maana ya kulitunza gari.

Bodi nayo niliitunza kwa namna niliyoiamini. Kila Ijumaa asubuhi, kabla ya kwenda msikitini, niliteka maji kwenye kisima cha uani na kuliosha gari juu na chini, nikimwaga ndoo hata kwenye matao ya magurudumu ili kuondoa chumvi ya Gongoni. Nilifanya hivyo kwa zaidi ya miaka 15 bila kukosa, ila nikiwa mgonjwa au safarini. Majirani walinisifu, nami nilifurahi kusifiwa.

Mwaka 2012 nilimpelekea fundi wa kuchomelea mlango wa nyuma uliokuwa umelegea. Alikuwa kijana, lakini mwenye jicho. Aliinua zulia la upande wa dereva, akachukua bisibisi, akaibonyeza sakafu pasipo kutumia nguvu, nayo ikapenya hadi nikauona mchanga wa chini. Akaendelea kugonga ukingo wa chini ya milango, na mahali ambapo bati zima hulia, la kwangu lilijibu kama mkate mkavu. Akaniuliza naliosha wapi. Nilipomwambia, alikuja nyumbani jioni ile, akachovya kidole kwenye ndoo ya kisima, akaonja, akatema.

“Ami,” akaniambia kwa heshima, “gari hili unalikogesha baharini.”

Wewe ni mtu wa pwani, kwa hiyo unavijua visima vyetu. Karibu na ufuo, maji ya chini ya ardhi yana chumvi, ndiyo maana sabuni haitoi povu vizuri na majani ya chai hayaivi sawasawa. Ya kunywa na kupikia tunapata kwenye mfereji unaoleta maji ya Baricho, na ya kisima tunayaacha kwa kufulia na kuoshea. Mimi nililijua hilo tangu utotoni, na bado haikunipitikia kwamba nilipokuwa nikiondoa chumvi ya kazini nilikuwa nikiibadilisha kwa ya nyumbani. Chumvi haihitaji kuwa nyingi. Ikishakauka juu ya bati huuvuta unyevu wa hewa, na hewa yetu, ikivuma kusi au kaskazi, haikosi unyevu. Kwa hiyo bati hukaa likiwa limelowa hata siku ya jua kali, na maji yenye chumvi hupitisha umeme ule mdogo unaoila chuma kwa kasi kuliko maji matupu. Isitoshe, kule Witu nilikuwa nimeokota udongo uliokwenda kuziba vile vitundu vya chini ya milango vilivyowekwa ili maji yatoke. Maji niliyoyamwaga kila Ijumaa yaliingia, yasipate njia ya kutoka. Kutu ilianzia ndani, nami nilikuwa nikitazama nje.

Ungekuwa na Land Rover ya zamani, ningekwambia usikate tamaa upesi, kwa sababu ile ina chasi yake peke yake, na bodi yake ni ya alumini iliyofungwa juu kwa boliti. Peugeot langu, kama Corolla yako, halina chasi ya namna hiyo. Sakafu, kingo za milango na pale springi zinapokalia ndiyo mifupa yenyewe. Tulichomelea sakafu mwaka huo huo, tukaipaka lami na oili chafu, na nikaanza kuliosha kwa maji ya mvua na ya mfereji. Lilipata nafuu kwa kiasi. Lakini mwanzoni mwa 2014 tulipolipandisha juu ya mawe, tuliona kwamba kutu imefika pale springi za nyuma za upande wa kulia zinapoegemea. Kijana alijaribu kuweka kipande kipya, na kila alipogusisha moto, bati la pembeni lilikuwa jembamba mno, likayeyuka na kutoboka zaidi. Akazima mashine, akasimama, asiniangalie usoni.

Hapo ndipo nilipojua, ndugu yangu. Injini ilikuwa nzuri, gia nzuri, difu haina mlio, na viti havijachanika. Kila kinachoweza kubadilishwa kilikuwa kizima, na kile kinachovibeba vyote hakikuwa tena na mahali pa kushikia. Gharama haikuwa kigezo kwangu, maana nilikuwa tayari kulipa zaidi ya thamani yake. Niliogopa kwamba siku moja springi ingeingia ndani ya buti likiwa na wajukuu.

Walikuja wanunuzi watatu. Dalali wa kwanza alitaka kulikatakata auze vipuri na kupeleka bati kwa wanunuzi wa vyuma chakavu. Wa pili alitaka kulipaka rangi na kulibebesha makaa kutoka upande wa Marafa, na nilipomwonyesha matundu alisema hayamhusu, atayafunika. Huyo nilimkatalia ingawa alitoa pesa nyingi kuliko wote, kwa sababu atakayeumia lingevunjika ni tandiboi aliyeketi juu ya magunia, na ningekuwa nimejua. Wa tatu alitoka Voi. Alikuwa na bodi kamili ya 504 kama langu, iliyokaa miaka mingi chini ya mwembe bila injini, katika hewa kavu ya huko, na alitaka la kwangu ahamishe injini, gia, difu, viti na vioo. Nilimwinulia zulia mwenyewe. Alipiga magoti, akapitisha mkono chini kote, akaniuliza maswali ambayo mtu asiyelipenda gari hilo hawezi kuyauliza, likiwamo la kaboni ya feni. Tukapatana shilingi 110,000.

Kuhusu karatasi sitaongeza mengi: jina lihamishwe kabla gari halijaondoka. Siku hizi kazi hiyo hufanywa kupitia eCitizen, muuzaji akianzisha na mnunuzi akikubali, na mpaka itakapokamilika, anayetambuliwa kuwa mwenye gari ni wewe, hata likifanya kosa mbali nawe.

Siku ya kuondoka alilipakia juu ya lori, kwa kuwa tulikubaliana lisitembee tena kwa miguu yake safari ndefu. Nilisimama mpaka lori likapinda, kisha nikarudi ndani na sikuzungumza na mtu hadi magharibi. Miezi mitano baadaye alinipigia simu akaiweka karibu na boneti, akawasha. Niliutambua mlio. Nilimwomba asizime mara moja.

Kwa hiyo, kabla hujajibizana tena na ndugu zako kuhusu bei au gharama za Corolla, wiki hii muombe fundi wa kuchomelea, si wa injini, ailaze jukwaani. Muinue mazulia yote, hata la buti chini ya gurudumu la akiba. Mtumie bisibisi kwenye kingo za chini ya milango na pale shokomzoba za mbele zinapofungwa kwa juu, nyoosheni waya ndani ya vile vitundu mpaka udongo utoke, na uonje maji unayoioshea. Ukikuta bati bado linalia vizuri, basi unao muda, na ningekushauri usiiuze kwa sababu tu ya injini. Ukikuta limenyamaza kama langu, iuze sasa, wakati ungali na kitu kizima cha kumkabidhi mtu. Tuandikie utakachokikuta, nitakuwa hapa kukujibu.