Mwalimu, ifute hiyo asilimia kabla hujawaponza vijana

Mwalimu, simama hapo hapo. Nimesoma uzi wako hadi pale unaposema wanafunzi wako wa mauzo wamebakiza miezi mitatu waingie sokoni, na kwamba Jumamosi unawaletea mtaalamu wa CV awasaidie "kuweka namba zinazovutia", mfano "nilikuza mauzo kwa asilimia 30". Umeuliza pia mavazi ya usaili, LinkedIn, na kazi za kamisheni tupu, zisizo na mshahara. Huko sijafika. Nimekwama kwenye hiyo asilimia, maana mimi ndiye niliyezikwa nayo.

Chuoni kwetu naye alikuja mshauri wa ajira, suti imenyooka, slaidi zinang'aa. Akatuambia mwajiri hasomi CV, anawinda namba. Mmoja wetu akauliza, asiye na namba je? Akajibu, "Mwenye akili hakosi." Tukacheka, tukapiga makofi. Natamani leo nirudishiwe yale makofi.

Mimi nilikuwa nimeuza nafasi za matangazo kwenye kijitabu cha mahafali. Mwaka uliotangulia watangazaji walikuwa 5, mwaka wangu wakawa 7. Piga hesabu: asilimia 40. Hesabu haina kosa hata chembe! Ila kati ya hao wawili walioongezeka, mmoja ni mjomba wangu, na wa pili alitupigia mwenyewe akidhani sisi ni wachapaji. Kwenye CV nikaandika: "Nilikuza mapato ya matangazo kwa asilimia 40 kupitia mkakati wa kuwafikia wateja wapya." Kumbe hata mapato hayakupanda hivyo, maana mjomba alipewa ukurasa kwa bei ya undugu. Nilichanganya vichwa vya watu na pesa, na mshauri akaupigia mstari wangu tiki kubwa.

Nikaitwa usaili na kampuni niliyoitaka kuliko zote. Msaili alikuwa mama mmoja mtaratibu, meneja wa mauzo. Hakuniambia nimuuzie kalamu, kitu nilichokifanyia mazoezi mbele ya kioo wiki nzima. Aliweka kidole kwenye ile 40.

"Kutoka wangapi kwenda wangapi?"

Nikamtajia.

"Uliongea na wangapi kuwapata hao 7?"

Sikujua.

"Waliokataa?"

"Wachache tu." (Muuzaji anayesema waliomkataa ni wachache amekiri kwamba hajauza.)

"Wa mwisho kukataa alisema nini, nawe ukamjibu nini?"

Hapo nikaanza kumhubiria AIDA, fomula ya mauzo, ile ya kuvuta usikivu, kuamsha hamu, sijui nini na nini. Fomula hiyo inahusishwa na Mmarekani St. Elmo Lewis tangu 1898, yaani imeitangulia ndege ya akina Wright kwa miaka 5, na mimi ndiyo niliyobeba kama silaha. Akanisikiliza mpaka mwisho, na huo ustaarabu wake ndio ulioniuma. Kisha akauliza kwa upole, "Na hawa wawili wapya uliwapataje?" Mjomba akaingia chumbani.

Ingeishia hapo ningenyamaza. Miezi 7 baadaye niliomba nafasi tawi jingine la kampuni hiyo hiyo. Jibu la kukataliwa lilikuja haraka mno. Jamaa yangu wa ndani akaniambia kwenye mfumo wao jina langu limeandikiwa "namba zake haziaminiki". Kwa mtu wa mauzo, hiyo ni sawa na dereva kuandikiwa "haoni".

Na walikuwa na haki. Meneja wa mauzo kila mwezi anapeleka makadirio kwa wakubwa: dili hizi zitakamilika, hizi hazijulikani. Makadirio hayo anayatoa midomoni mwa wauzaji wake. Ukimletea namba moja iliyopakwa rangi, kibarua kitakachoota nyasi ni chake.

Kwa hiyo namba isiyo na daftari nyuma yake isiingie kwenye CV. Daftari lenyewe ni la kawaida: tarehe, umeongea na nani, umemuuliza nini, amekataa kwa maneno gani, mmekubaliana nini. Mimi nililianza nikiwa benchi. Nilimwomba jamaa anayetengeneza tovuti nimtafutie wateja. Simu 120, waliopokea 41, waliokubali tuonane 6, walionunua 2. Nikaandika hivyo hivyo nikijua nimejichoresha. Msaili aliyefuata hakutoka kwenye mstari ule. Nikamwonyesha kwamba simu 70 za kwanza zilinipa miadi 1, na 50 za mwisho zikanipa 5, kwa sababu niliacha kujisifia "tunatengeneza tovuti nzuri" nikaanza kuuliza "wateja wapya wanakupataje?" Akaniigizisha simu, akanikosoa, akasema rudia. Kile kurudia ndicho wanachokitazama, kama unafundishika. Kazi nikapata.

Kijitabu cha mahafali si mnacho? Wagawie hicho wauze. Kila mwanafunzi watu 10 kwa wiki wasiomfahamu, ndugu marufuku (kifungu cha mjomba). Wiki 12, daftari lina majina 120. Ijumaa kila mmoja asimame darasani asome kukataliwa kulikomuuma zaidi wiki hiyo, wenzake wamjibu kama wangekuwa wao. Watalalamika. Waache walalamike.

Kamisheni tupu: kijana aulize waliojiunga mwaka jana wamebaki wangapi, na muuzaji wa katikati kwenye orodha yao anapata kiasi gani, asidanganywe na kipato cha anayeongoza. Yaani mwajiri naye atoe daftari lake. Mavazi, wavae. LinkedIn sikumbuki uliuliza nini.

Na huyo mtaalamu wa Jumamosi, kabla hajafungua slaidi, muulize ni lini mara ya mwisho alimpigia mtu asiyemjua akamuuzia kitu. Wa kwetu nilikuja kumuuliza miaka baadaye, tumekutana kwenye foleni. Akacheka, akasema yeye mauzo hayawezi, anaona aibu kukataliwa.