Dada, usiuze kitu kwa ajili ya mashine

Juzi msomaji mmoja ameniandikia. Mumewe alipigwa na kiharusi miezi minane iliyopita; mkono umeanza kurudi, anatembea, ila maneno hayatoki. Amesikia nilitibiwa kwa umeme wa kichwani, naye anauliza: "Kaka, niuze nini nimpeleke kwenye hiyo mashine?" Swali hilo limeninyima usingizi. Mke wangu naye aliwahi kuliuliza vivyo hivyo.

Dada yangu, usiuze kitu kwanza.

Mimi nilikuwa mwalimu, na nilijivunia ulimi wangu. Asubuhi moja nikaamka sina hata jina la mke wangu. Nilimtambua, nilijua ni nani kwangu; jina ndilo halikuwepo. Hiyo ndiyo afasia. Kwa watu wengi lugha imekaa upande wa kushoto wa ubongo, na kiharusi kikipiga huko maneno yanapotea ilhali akili ipo. Karibu theluthi moja ya wanaopata kiharusi hukumbwa nayo. Hata hivyo daktari mmoja alisimama kando ya kitanda changu akamuuliza mke wangu kama naelewa chochote. Nilisikia kila neno. Miaka minne imepita, bado linaniuma.

Mwaka wa pili nikaingizwa kwenye matibabu ya pamoja, umeme na mazoezi ya usemi. Watu wanadhani ni kupigwa shoti. Wapi! Unafungwa mkanda kichwani, sponji mbili zilizolowekwa maji ya chumvi, na kifaa kidogo cha betri. Umeme wenyewe ni miliampea 1 au 2, kwa dakika 20 hivi. Mwanzoni unawasha kama nguo ya sufu shingoni, halafu unausahau. Kazi yake ni kuziweka seli za ubongo chonjo ili zoezi unalofanya lishike vizuri zaidi. Zoezi ndilo linalofundisha.

Siku moja mtaalamu wa usemi aliniwekea picha ya ufunguo. Nikasema "mlango". Nikasema "kufuli". Nikazungusha mkono hewani kama mtu anayefungua nyumba. Yeye kimya, ananitazama tu. Jasho likanitoka. Akanipa sauti moja, "u...", na neno zima likatoka: ufunguo! Nililia pale pale, waya zikiwa kichwani.

Sasa, ni umeme au ni mazoezi? Ilibidi nisome. Utafiti wa Marekani uliochapishwa 2018 ulichukua wagonjwa 74, kila mmoja vipindi 15 vya mazoezi. Waliopata umeme wa kweli walielekea kutaja picha nyingi zaidi kuliko waliofungwa mashine isiyopitisha kitu. Inatia moyo. Ila tafiti nyingi zilipokusanywa na kupimwa pamoja, nafuu ilionekana kwenye kutaja majina ya vitu, si kwenye mazungumzo ya kila siku. Upande wa mazoezi, utafiti wa Ujerumani wa 2017 uliwapa watu waliokaa na afasia miezi sita au zaidi angalau saa 10 kwa wiki, wiki tatu mfululizo, bila umeme wowote, na mawasiliano yao ya kila siku yakaboreka.

Kwa hiyo tafuta mtaalamu wa usemi kwanza. Mashine ikiwepo, uliza itaambatana na mazoezi gani, ya saa ngapi. Wakikujibu kwamba mgonjwa atakaa tu ametulia, ondokeni. Waambie kama ana kifafa au chuma kichwani, maana ipo na mashine nyingine, inayoamsha ubongo kwa sumaku, na hiyo kwa watu wa namna hiyo inaweza kuwa hatari. Msijitengenezee nyumbani. Na mazoezi, mazoezi, kila siku, hata siku anapokasirika. Mimi nilitupa kadi sakafuni mara nyingi tu. Mke wangu aliziokota, akazirudisha mezani.

Jambo la mwisho nalisema kwa uchungu: acheni kutumalizia sentensi! Mnadhani mnatusaidia, kumbe mnatunyang'anya neno tulilokaribia kulishika. Mwezi uliopita nilisimama mbele ya wagonjwa wenzangu nikasoma ukurasa mzima kwa sauti. Nilikwama mara sita. Hakuna aliyenimalizia.

Leo usiku, dada, zima televisheni. Mwekee mumeo ufunguo mezani, umuulize ni nini, halafu ungoje.