Ruta imewaka, intaneti haipo: majibu kwa wasomaji wa Dodoma

Maswali ya safari hii yametoka Dodoma mjini na Chamwino, na karibu yote yanahusu upande wa ruta unaoelekea kwa kampuni ya intaneti. Upande huo ndio wengi hawaelekezwi.

Shikamoo fundi. Nimenunua ruta mpya, faiba ipo tayari ndani. Simu inashika waifai lakini inaandika hakuna intaneti, na nywila ya kwenye stika naiandika sawasawa. Nakosea wapi? – Kijana wa Nkuhungu

Marahaba. Hujakosea. Nywila ya kwenye stika ni ya simu kuingia kwenye ruta, na imekubali. Bado ruta yenyewe kujitambulisha kwa kampuni, na hilo lina taarifa zake.

Zima data ya simu, ubaki kwenye waifai. Fungua kivinjari uandike 192.168.1.1 au 192.168.0.1, namba ya ruta yako iko kwenye stika hiyohiyo. Ukishaingia, tafuta sehemu ya WAN au Internet, uangalie aina ya muunganisho. Ikiwa kampuni yako inatumia DHCP, ruta hupewa anwani yenyewe, wewe huandiki kitu. Ikiwa ni PPPoE, lazima ujaze jina la mtumiaji na nywila ulizopewa na kampuni. Hii ndiyo inayokwamisha watu, maana fundi huzijaza siku ya kufunga, kisha huondoka bila kumwachia mwenye nyumba. Aina ya tatu, anwani isiyobadilika, zaidi hutumika maofisini.

Kampuni nyingine hudai pia namba ya VLAN, yaani namba ya njia ya intaneti ndani ya mtandao wao. Nyingine husajili MAC (namba ya utambulisho wa kifaa) ya ruta ya zamani, hivyo mpya haitambuliwi mpaka uwapigie waibadilishe. Ukiwapigia, omba vyote kwa ujumbe wa maandishi: aina ya muunganisho, jina, nywila na VLAN. Unalipa kila mwezi, taarifa hizo ni haki yako, na inaniuma kuona mtu analipia fundi kuja kuandika maneno mawili. Ukizipata na intaneti ikakubali, piga picha ukurasa ule. Na usiguse kile kitundu cha reset: kinafuta mipangilio yote, ya kampuni pia.

Ruta yangu ni ya laini ya simu. Laini ikiwa kwenye simu intaneti ipo, nikiihamishia kwenye ruta inagoma. – Mwalimu, Chamwino

Mwalimu, anza na PIN ya laini. Kama uliiweka, iondoe laini ikiwa bado kwenye simu. Kisha APN, yaani jina la lango la intaneti la kampuni ya simu: simu hujijazia yenyewe, ruta pengine haiijui. Isome kwenye simu, sehemu ya mitandao ya simu, uinakili kwenye ruta herufi kwa herufi bila kuacha nafasi. Kama ruta uliinunua kwa kampuni nyingine, huenda imefungwa isipokee laini tofauti, na hapo APN haitakusaidia.

Umeme ukikatika huku Ipagala nawasha ruta kwa betri ndogo, lakini intaneti haiji. – Mama mwenye duka

Mama, tazama kama kuna kisanduku kingine kinachopokea faiba kabla ya ruta. Nacho kinahitaji umeme. Faiba ni uzi wa kioo unaopitisha mwanga, na kwenye mitandao ya GPON, aina ya faiba inayofungwa majumbani, hakuna kifaa cha umeme katikati ya kituo cha kampuni na nyumba yako. Ukiviwasha vyote viwili, na kituo kikiwa na umeme wa akiba, unaendelea kuuza. Soma volti kwenye adapta ya kila kifaa kabla ya kuchomeka: plagi ya volti 12 inaweza kuingia kwenye kifaa cha volti 5 na kukiunguza. Taa ya LOS ikiwa nyekundu, mwanga haufiki. Piga simu kampuni, mipangilio iache.

Wapangaji wote wanatumia waifai yangu. Niwatoeje? – Ilazo

Badilisha nywila, chagua ulinzi wa WPA2 au WPA3, zima WPS (njia ya kuunganisha kwa kitufe au PIN bila nywila). Wote watatoka. Kisha badilisha nywila ya kuingilia kwenye mipangilio, kwani ikibaki admin, yeyote aliye kwenye waifai anaweza kubadili DNS, inayogeuza jina la tovuti kuwa anwani yake, na kukupeleka kwenye ukurasa bandia wa benki. Wageni wafungulie mtandao wao. Ukitaka kuwaondoa unauzima huo tu, runinga na simu za nyumbani zinaendelea.