Maji taka kwa majani ya tembo: yanafaa, kwa masharti

Ndugu, umeuliza kama maji taka ya majumbani yanafaa kumwagilia majani ya tembo ya ng'ombe wako wa maziwa. Yanafaa, ila si moja kwa moja kutoka mtaroni. Yatulie bwawani siku 8 hadi 10 ili mayai ya minyoo yazame. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa 1989 uliweka kikomo cha yai 1 kwa lita kwa mazao ya malisho. Pitisha maji kwenye mifereji, usinyunyizie majani. Acha kumwagilia wiki 2 kabla ya kukata, kisha anika juani.

Punguza mbolea ya nitrojeni, maana maji hayo tayari yanayo, na nitrati (nitrojeni inayofyonzwa na mmea) ikizidi kwenye majani huweza kuua ng'ombe. Maji hayo yakichanganyika na maji taka ya kiwandani, tafadhali usiyatumie.